Shilingi ya Mlipakodi na Kiti cha Kadhi: Uchambuzi wa Kesi ya Kenya, 2004 hadi 2010

Tarehe 24 Mei 2010, majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi, Joseph Nyamu, Roselyn Wendoh na Mathew Emukule, walisoma hukumu ya kesi iliyokuwa imekaa mahakamani karibu miaka sita. Walalamishi walikuwa viongozi 26 wa makanisa, jina la kwanza katika orodha likiwa la Mchungaji Jesse Kamau wa Kanisa la Presbyterian, na mlalamikiwa alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ombi lao, likivuliwa lugha ya kimahakama, lilikuwa hili: Mahakama za Kadhi zimewekwa ndani ya Katiba kwa manufaa ya dini moja, zinaendeshwa kwa kodi ya watu wa dini zote, na kwa hiyo Mkristo, Mhindu, mfuasi wa dini za jadi na asiye na dini kabisa wanalazimishwa kugharimia imani ya mwenzao. Majaji walikubaliana nao kwa sehemu kubwa. Walitamka kwamba kuzitunza mahakama hizo kwa fedha za hazina ya umma ni utengano, ni upendeleo wa kidini, na ni ubaguzi usio wa haki dhidi ya walalamishi na wengine walio kama wao.

Zilikuwa zimebaki wiki kumi hivi kabla ya Wakenya kupiga kura ya maamuzi juu ya Katiba mpya, na Katiba hiyo ilikuwa imezihifadhi Mahakama za Kadhi. Hukumu iliyopaswa kusomwa na wanasheria kwa utulivu ikageuka kuwa silaha ya kampeni kabla wino wake haujakauka.

Nimeirudia kesi hii mara nyingi. Mimi ni mtu wa Mwambao, na kwetu Kadhi si jambo la kusoma magazetini, kwa maana ndoa za wazazi wetu na mirathi ya mababu zetu zimepita mkononi mwake. Hata hivyo sikubaliani na wenzangu wanaodhani kwamba kila aliyeshtaki mwaka 2004 alikuwa adui wa Uislamu. Swali walilouliza ni halali: je, ni haki mtu alipie kwa kodi yake taratibu ambazo jirani yake amezichagua kwa sababu ya dini yake? Jibu langu ni kwamba majaji walikosea pale walipoifanya fedha kuwa kiini cha kosa, na kwamba kwa kufanya hivyo walipita kando ya swali lililo zito zaidi, yaani kama yule anayefika mbele ya Kadhi amefika kwa ridhaa yake mwenyewe.

Kadhi aliitangulia Kenya

Kifungu cha 66 cha Katiba ya zamani, kilichoziweka Mahakama za Kadhi na ambacho ndicho kilichoshtakiwa, hakikutoka hewani. Makadhi walikuwapo katika miji ya Waswahili kabla ya nchi inayoitwa Kenya kuwapo, na wakati wa utawala wa Masultani wa Zanzibar walifanya kazi bega kwa bega na maliwali na mamudiri, yaani watawala wa Sultani katika miji na wilaya zake. Mwaka 1895 Uingereza ilipewa na Sultani haki ya kuusimamia ukanda wa maili kumi wa Mwambao kwa masharti kwamba ardhi inabaki kuwa yake na dini na sheria za watu wake hazitaguswa. Ndiyo maana mwaka 1920 bara ilipotangazwa kuwa koloni, Mwambao ulibaki kuwa himaya, na bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea Mombasa hadi mwaka wa uhuru.

Uhuru ulipokaribia, watu wengi wa Mwambao waliingiwa na hofu ya kumezwa na bara. Wapo waliodai Mwambao ujitawale, na wapo waliotaka urudi Zanzibar. Sir James Robertson alitumwa kulichunguza suala hilo mwaka 1961, naye akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya lakini Waislamu wake wapewe dhamana. Dhamana hiyo ilikuja kuandikwa Oktoba 1963, katika barua zilizobadilishana mikono kati ya Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte. Kenyatta aliahidi kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yatahifadhiwa wakati wote, katika mambo ya hadhi ya mtu binafsi kama vile ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu. Sultani Jamshid bin Abdullah akaiachia Kenya Mwambao.

Kwa hiyo Mahakama ya Kadhi haikuwa zawadi ambayo serikali ya watu wengi iliwapa watu wachache kwa ukarimu. Ilikuwa sehemu ya makubaliano yaliyoipa Kenya bandari ya Mombasa na pwani yake yote. Anayeitazama kama upendeleo wa bure anaanza kuhesabu katikati ya hesabu.

Lakini historia ina kikomo chake, na ni lazima tukiri hivyo. Sultani alipinduliwa Januari 1964, miezi mitatu tu baada ya barua zile. Ahadi iliyofungwa kati ya wakubwa wawili, bila wananchi wa bara wala wa Mwambao kupigia kura, inaweza kutueleza kwa nini kitu kipo, lakini haiwezi peke yake kutuambia kwamba kitu hicho ni cha haki milele. Walalamishi walikuwa na sababu ya kudai hoja nyingine zaidi ya barua za 1963.

Hofu ilikotokea

Kwa zaidi ya miongo mitatu baada ya uhuru, kifungu cha 66 hakikumsumbua mtu. Kilichowasha moto ni mchakato wa kuandika Katiba mpya. Rasimu ya Tume iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai, ya mwaka 2002, haikuzihifadhi mahakama hizo tu, bali ilizipanua na kuzipandisha ngazi hadi kuwa na mahakama yake ya rufaa. Haya yalikuja miaka michache baada ya bomu la Agosti 1998 katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, wakati neno sharia lilikuwa limeanza kusikika masikioni mwa Wakristo wengi kama tishio. Mkutano wa Bomas, wa kitaifa wa kuijadili rasimu, ulipomalizika mwaka 2004 ukiwa umeliacha suala hilo ndani ya rasimu, viongozi wale 26 walikwenda mahakamani.

Mwaka uliofuata lilijaribiwa suluhisho ambalo wengi wamelisahau. Rasimu iliyoletwa kwa wananchi Novemba 2005, ile iliyopigiwa kura kwa alama za ndizi (ndiyo) na chungwa (hapana), iliweka mahakama za kidini kwa jumla: za Kadhi, za Kikristo na za Kihindu. Fikra ilikuwa kwamba ukimpa kila mtu, hakuna atakayelalamika. Makanisa hayakuzitaka. Hayakuwa na sheria yake ya ndoa na mirathi iliyosubiri hakimu wa kuitekeleza, na kwa kweli yalikuwa yakihudumiwa tayari na mahakama zilizopo. Rasimu ilikataliwa kwa sababu nyingine nyingi, lakini jaribio hilo linatufundisha kwamba usawa wa kugawa vyeo sawa kwa dini zote si lazima uwe usawa wa haki. Mahitaji hayafanani.

Hoja ya fedha

Hukumu ya Mei 2010 ilikuwa na mambo mawili makubwa, na ni vema kuyatenga. Majaji walisema kifungu cha 66 kinagongana na kifungu cha 82 cha Katiba hiyo hiyo kilichokataza ubaguzi, na kwamba kuzigharimia mahakama hizo kwa fedha za umma ni sehemu ya ubaguzi huo. Kisha wakasema kwamba sheria ya Bunge iliyozieneza mahakama hizo nje ya ukanda wa maili kumi ilivuka mpaka. Hawakukifuta kifungu cha 66. Walikiri kwamba kazi ya kukitoa kitu ndani ya Katiba ni ya Bunge na wananchi, si ya mahakama.

Nianze na fedha. Mwananchi anayelipa kodi kwa ajili ya Kadhi analipia nini hasa? Halipii swala wala Hija, na hamlipi mtu wa kuhubiri. Analipia mshahara wa ofisa wa mahakama, karani wake, chumba, faili na mhuri, ili watu waliogombana wapate uamuzi badala ya kugombana barabarani. Hiyo ni kazi ya serikali tangu serikali zilipokuwapo. Wanandoa Wakristo wanapotaka kuachana, hawaachanishwi na mchungaji. Wanakwenda kwa hakimu anayelipwa na Hazina, na hakimu huyo anatumia kanuni za talaka ambazo sheria imeziandika kwa ajili ya ndoa za Kikristo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano, yaani za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na kila aina inapovunjika kuna mtu wa serikali anayekaa kitini kuivunja. Mwislamu wa Lamu analipia talaka ya Mkristo wa Nyeri, na Mkristo wa Nyeri analipia talaka ya Mwislamu wa Lamu, na hakuna kati yao aliyemchagulia mwenzake mume au mke.

Tukiendelea mbele tutakuta mengi ya namna hiyo ambayo hayakuwahi kushtakiwa. Walimu wa shule za umma zenye makanisa kama wafadhili wanalipwa na serikali. Wapo makasisi katika jeshi. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni siku za mapumziko kwa nchi nzima. Sisemi haya ili kulipiza, wala sidhani kwamba yote hayo yafutwe. Ninasema kwamba kanuni ya majaji, ikitumiwa kwa uaminifu, haiwezi kuishia mlangoni kwa Kadhi.

Majirani zetu wa Tanzania wanatupa kipimo kingine. Tanzania Bara haina Mahakama ya Kadhi inayogharamiwa na serikali, na suala hilo limeibuka na kuzimwa huko mara kadhaa tangu chama tawala kiliingize katika ilani yake ya uchaguzi ya mwaka 2005, huku msimamo wa serikali ukiwa kwamba Waislamu wanaweza kuwa na Kadhi wao lakini si kwa fedha za umma. Hata hivyo mirathi ya Mwislamu wa Tanga au Kigoma inaweza kuamuliwa kwa kanuni za Kiislamu katika mahakama ya kawaida, na hakimu anayeiamua analipwa kwa kodi ile ile, hata kama hajawahi kusoma faraidhi, yaani elimu ya Kiislamu ya kugawa mirathi. Mlipakodi hakuokoa kitu. Kilichobadilika ni ujuzi wa anayeamua. Na huko huko Tanzania wapo Waislamu wanaolalamikia makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa, ambayo yanahusu ruzuku kwa hospitali na huduma za kijamii za makanisa. Lalamiko lao ni lile lile la walalamishi wa Nairobi, ila waliokaa upande wa mlalamishi wamebadilishana viti.

Kuna hoja moja ya walalamishi ambayo siwezi kuipangua kwa urahisi. Kadhi ni kazi ya umma, na Katiba, ya zamani na ya sasa, inataka mwombaji awe Mwislamu. Mkristo aliyebobea katika fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, kuliko mashekhe wa mji wake hawezi kuipata. Huo ni mlango wa serikali uliofungwa kwa sababu ya dini, na anayesema hakuna ubaguzi hapo hasemi ukweli wote. Ninachoweza kusema ni kwamba watu hawakubali hukumu juu ya ndoa yao ya kidini kutoka kwa mtu asiyeiamini ndoa hiyo, na kwamba mahakama isiyokubalika na wanaoiendea haina kazi. Ni sababu nzuri ya kuvumilia ubaguzi mdogo. Haiubatilishi ubaguzi huo.

Mfano wa hesabu

Wasiokuwa Waislamu wengi hawajui ni nini hasa huamuliwa huko, na nafikiri kutojua huko ndiko kulikoipa kampeni ya 2010 nguvu yake. Tuchukue mfano. Mtu amefariki Malindi. Madeni yamelipwa, mazishi yamelipwa, na kimebaki cha kugawa shilingi 960,000. Ameacha mama yake, mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili. Kwa faraidhi, mke anachukua thumuni, yaani sehemu ya nane, kwa kuwa marehemu ana watoto: shilingi 120,000. Mama anachukua sudusi, sehemu ya sita: shilingi 160,000. Zinabaki 680,000, ambazo watoto wanagawana, wa kiume akipata maradufu ya wa kike: yeye 340,000 na kila binti 170,000.

Sasa marehemu huyo huyo angekuwa Mkristo, na mali yake igawanywe kwa Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981. Mjane angepata vyombo vya nyumbani na haki ya kuitumia mali iliyobaki maishani mwake, kisha ingegawanywa sawa kwa sawa kati ya watoto wote watatu, binti kama kaka yake. Mama wa marehemu asingekuwa na fungu lolote la moja kwa moja. Ingembidi aende mahakamani kuthibitisha kwamba mwanawe alikuwa akimtunza.

Hapa ndipo utaona ni kwa nini watu wanaijali mahakama hii, na pia ni kwa nini wengine wanaihofia. Binti amepata nusu ya kaka yake, na hilo linaumiza masikio ya mtu aliyezoea usawa wa sheria ya pili. Lakini kikongwe aliyemzaa marehemu ameondoka na shilingi 160,000 bila kumpigia mtu magoti. Mwaka 1990 Bunge liliamua kwamba mirathi ya Waislamu isigawanywe kwa Sheria ya Urithi, kwa sababu kwao mafungu hayo hayakupangwa na Bunge. Mtu anaweza kuukataa mpangilio huo kwa nafsi yake. Jambo linalotakiwa kuulizwa ni kama waliomo ndani yake wanaweza kuukataa pia.

Nje ya maili kumi

Katika sehemu hii nakiri kwamba majaji walisimama mahali imara zaidi, ingawa nadhani walitazama upande mmoja tu. Ikiwa msingi wa Mahakama ya Kadhi ni mkataba wa Mwambao, basi mahakama inayokaa Garissa, Wajir au Nairobi haiwezi kuegemea mkataba huo. Wasomali na Waborana wa kaskazini hawakuwa raia wa Sultani. Kimkataba, hoja hiyo haina jibu.

Jibu lake linatoka kwingine. Haki ya raia haiwezi kutegemea upande gani wa mstari wa Waingereza ameamkia. Mwanamke wa Kiislamu aliyeolewa Mombasa na kuhamia Nakuru na mumewe hatoki katika dini yake anapovuka maili ya kumi na moja, na ndoa yake haigeuki kuwa ya namna nyingine. Kama ni haki aamuliwe na Kadhi huko alikoolewa, ni haki pia huko alikohamia. Kwa maneno mengine, mtetezi wa Mahakama ya Kadhi anapaswa kuchagua: aidha aidai kama deni la historia, na akubali mipaka ya maili kumi, au aidai kama haki ya imani ya raia popote alipo, na akubali kwamba haki hiyo ipimwe kwa vipimo vya haki nyingine zote, pamoja na haki za wanawake na watoto. Wenzangu wengi walizidai zote mbili kwa wakati mmoja, na hilo liliudhoofisha utetezi wetu.

Kampeni na kura

Kamati ya Wataalamu iliyoandaa rasimu ya mwisho ilikuwa imeamua kwamba Mahakama za Kadhi si miongoni mwa mambo yenye utata, kwa kuwa zilikuwamo katika Katiba tangu uhuru. Kisheria walikuwa sahihi. Kisiasa hawakuwa sahihi. Baraza la Kitaifa la Makanisa na maaskofu wa Kikatoliki waliikataa rasimu kwa mambo mawili, kifungu kinachogusa utoaji mimba na Mahakama za Kadhi, na wakajikuta katika kambi nyekundu, ya hapana, pamoja na wanasiasa waliokuwa na sababu zao nyingine, akiwamo William Ruto, aliyekuwa Waziri, na Rais mstaafu Daniel arap Moi. Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga waliongoza kambi ya kijani, ya ndiyo. Tarehe 13 Juni maguruneti yalilipuliwa katika mkutano wa maombi wa kambi nyekundu pale Uhuru Park na watu kadhaa wakauawa, jambo ambalo linaniuma hadi leo, kwa sababu waliokufa walikwenda kusali.

Tarehe 4 Agosti 2010 zaidi ya Wakenya milioni 6 walisema ndiyo, na karibu milioni 2.8 walisema hapana. Kwa sensa ya mwaka uliotangulia, Waislamu walikuwa karibu asilimia 11 ya watu wote. Maana yake ni kwamba Wakristo kwa mamilioni waliisikia hoja ya kodi ikirudiwa kila Jumapili mimbarini, wakaipima, na wakapiga kura yao ya ndiyo. Sidai kwamba waliipigia Mahakama ya Kadhi. Walitaka ugatuzi, walitaka kumpunguzia Rais madaraka, walitaka yasirudi machafuko ya baada ya uchaguzi ya mwaka 2008. Lakini hawakuiona shilingi ya Kadhi kuwa sababu tosha ya kuikataa nchi mpya. Katiba ikazinduliwa tarehe 27 Agosti, kifungu cha 66 kikafa pamoja na Katiba yake, na hukumu ya Mei ikabaki bila kitu cha kuhukumu.

Hoja ya fedha haikufa nayo. Mwaka 2025, ilipobainika kwamba kanisa lilikuwa likijengwa ndani ya Ikulu ya Nairobi, Ruto, ambaye sasa ndiye Rais, alisema gharama ataitoa mfukoni mwake. Jibu hilo lenyewe linaonyesha kwamba sote tunajua mstari uko wapi: nyumba ya ibada si jukumu la Hazina. Mahakama si nyumba ya ibada.

Neno lililoongezwa

Katiba ya 2010 ilifanya mambo matatu kwa pamoja. Ibara ya 8 ilitangaza kwamba hakuna dini ya taifa. Ibara ya 24(4) iliruhusu kanuni za usawa zilegezwe kwa kiwango kile tu kinacholazimu ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya Kadhi katika mambo ya hadhi binafsi, ndoa, talaka na mirathi. Kisha Ibara ya 170, ikirudia karibu maneno yale yale ya kifungu cha zamani, iliongeza sharti ambalo Katiba ya zamani haikuwa nalo: haitoshi wahusika wote wawe Waislamu, ni lazima pia wayakubali mamlaka ya Mahakama ya Kadhi. Kukubali huko ndiko ninakokuona kuwa jibu halisi kwa walalamishi wa 2004. Mlipakodi hawezi kulalamika kwa haki kwamba anagharimia hiari ya mtu mwingine. Angeweza kulalamika, na mimi ningelalamika naye, kama fedha yake ingegharimia shuruti.

Sheria yenyewe ya Mahakama za Kadhi, ya mwaka 1967, imekuwa na busara kuliko sifa yake. Inasema kwamba ushahidi utafuata sheria ya Kiislamu, lakini mashahidi wote watasikilizwa bila kubaguliwa kwa dini wala jinsia, na hoja itaamuliwa kwa uzito wa ushahidi, si kwa idadi ya mashahidi. Inaacha wazi mamlaka ya Mahakama Kuu. Na Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa hawawezi kunyimwa urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo, ikisisitiza kwamba nafasi iliyotolewa na Ibara ya 24(4) ni finyu. Mashekhe wengi wa kwetu hawakufurahi. Nawaelewa, lakini ndiyo gharama ya kuidai mahakama hii kama haki ya Kikatiba.

Kinachonikosesha usingizi ni jinsi kukubali huko kunavyopatikana pale mlangoni. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mama mdogo wangu, mjane, katika Mahakama ya Kadhi ya mji mmoja wa Mwambao. Alikuwa na bahasha ya plastiki yenye cheti cha kifo, nakala za vitambulisho na barua ya chifu inayotaja warithi. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini tangu saa mbili asubuhi, yeye, mimi na shemeji yake, ndugu wa marehemu, ambaye ndiye aliyemlipia nauli na ndiye aliyejibu kila aliloulizwa na karani. Tulipoitwa, Kadhi alimnyamazisha shemeji kwa upole, akamgeukia mama mdogo: “Wewe mwenyewe, mama, umeridhia shauri hili tuliamue hapa?” Mama mdogo hakujibu mara moja. Aligeuza kichwa, akamtazama shemeji yake, kisha akasema, “Ndiyo, shekhe.” Karani akaandika kwamba wahusika wameridhia.

Fungu lake alilipata kama lilivyoandikwa, wala hakuwahi kusema kwamba alidhulumiwa. Jioni, tukiwa tunamenya mihogo uani, nilimuuliza kama angejibu vile vile kama angekuwa peke yake. Alifikiri, akasema huenda angejibu vile vile, lakini hakujua kwamba kulikuwa na mahali pengine pa kwenda. Kadhi alifanya zaidi ya wanavyofanya wengi kwa kumwuliza. Ila swali lile lilipaswa kuulizwa katika chumba ambacho shemeji hayumo, na kabla yake mtu amweleze, kwa Kiswahili cha nyumbani, kwamba Mahakama Kuu ipo, na kwamba akichagua kwenda huko hajatoka katika Uislamu. Karani mmoja na robo saa vinatosha kwa kazi hiyo, na sijamwona bado mlipakodi wa dini yoyote ambaye angekataa kuilipia.